Kidonge cha njano cha Gertrude Elion: tathmini baada ya miezi 22 ya kukikata nusu

Bidhaa ninayoitathmini haitangazwi redioni, wala hakuna anayeinunua kwa kuitamani. Ni mekaptopurini, vidonge vya miligramu 50, vya rangi ya njano iliyofifia na vyenye mstari wa kukatia katikati, ambavyo mwanangu alivimeza kila usiku kwa miezi 22 katika awamu ya mwisho ya matibabu ya saratani ya damu, ile inayozalisha chembe nyeupe zisizokomaa na kuujaza uboho wa mifupa mpaka chembe nyingine zinakosa mahali pa kuzaliwa. Watu hutathmini blenda, simu na hoteli za ufukweni kwa kurasa nyingi, ilhali dawa ambayo mzazi anakaa nayo ndani ya nyumba kwa karibu miaka miwili haielezwi na chochote ila karatasi iliyokunjwa mara nane ndani ya boksi, iliyoandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Naandika kama mtumiaji, si kama daktari. Dozi nitakazozitaja zilikuwa za mtoto mmoja tu, na za mtoto mwingine hupangwa na daktari wake.

Jina la Gertrude Elion nililisikia kwa mara ya kwanza wodini, siku tuliyokuwa tunajiandaa kurudi nyumbani baada ya awamu ngumu za mwanzo. Mfamasia alizipanga dawa zetu mezani, akazihesabu pamoja nami, kisha akazisogeza baadhi upande mmoja kwa kalamu yake. Aliweka kando mekaptopurini, kotrimoksazoli tunayoijua kwa jina la Septrini, na kopo tupu la alopurinoli tuliyoitumia katika wiki ya kwanza kabisa, halafu akaniambia, "Mama, hizi zote zilipikwa chungu kimoja. Na mtoto akipata tetekuwanga, dawa nitakayokupa nayo imetoka kwenye chungu hicho hicho." Nilidhani ananitania ili nisilie. Baadaye nilisoma habari za mwanamke huyo na kuona kwamba mfamasia hakuwa ameongeza chumvi hata punje moja, na ndiyo maana tathmini hii haiwezi kumwacha kando mpishi na kuzungumzia chakula peke yake.

Elion alizaliwa New York tarehe 23 Januari 1918, binti wa daktari wa meno aliyehamia Marekani kutoka Lithuania. Alipokuwa na miaka 15 babu yake mpendwa alikufa kwa saratani ya tumbo, na mwaka huo huo wa 1933 akaingia Hunter College, chuo cha wasichana kilichokuwa hakitozi ada, akachagua kemia. Alihitimu mwaka 1937 akiwa miongoni mwa waliofaulu sana, kisha akabisha hodi katika milango ya vyuo vingi akiomba ufadhili wa masomo ya juu, na yote ikafungwa. Maabara za wakati ule hazikuwa na haja na msichana. Alisoma ukarani, akafundisha wauguzi kwa miezi michache, akafanya kazi kwa mwanakemia mmoja bila mshahara ili tu mikono isisahau vyombo, akafundisha sekondari mchana na kufanya utafiti wake usiku na siku za mapumziko, mpaka mwaka 1941 akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha New York. Mwaka huo huo mchumba wake alikufa kwa maambukizi ya bakteria katika vali za moyo, ugonjwa ambao penisilini, iliyoanza kupatikana kwa watu miaka michache baadaye, ingeweza kuutibu. Hakuolewa maishani mwake.

Kabla ya hapo na baada ya hapo alipita kwenye kazi za kujikimu, na mojawapo naipenda kuliko zote. Alikuwa mkaguzi wa ubora katika kampuni ya vyakula, akipima ukali wa achari na kuangalia kama kiini cha yai kinachoingia kwenye mayonezi kina rangi inayotakiwa. Ni vita ya pili ya dunia iliyomfungulia mlango, kwa sababu wanaume walikuwa wameondoka na maabara zilihitaji watu. Mwaka 1944 aliajiriwa na kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome, huko Tuckahoe kando ya New York, kuwa msaidizi wa George Hitchings. Jioni alikuwa akisafiri kwenda kusomea udaktari wa falsafa katika chuo cha ufundi cha Brooklyn, lakini baada ya muda chuo kikamtaka aache kazi na kusoma kutwa nzima. Akaacha chuo. Kwa hiyo kidonge ninachokitathmini kilitengenezwa na mtu asiye na shahada ya udaktari, jambo ambalo ningeomba liandikwe kwenye boksi kwa herufi kubwa kuliko zile za karatasi ya ndani.

Hitchings alikuwa na wazo ambalo wengi wakati ule hawakulijali. Dawa nyingi zilikuwa zinapatikana kwa kubahatisha, mtu anajaribu hiki na kile mpaka kimoja kinafanya kazi. Yeye aliona kwamba kila chembe hai, iwe ya bakteria, ya saratani au ya mtu mzima wa afya, haiwezi kugawanyika bila kutengeneza asidi za kiini, na kwamba chembe inayogawanyika kwa pupa inahitaji malighafi hiyo kwa wingi zaidi. Basi ukiiletea malighafi bandia, iliyofanana na ya kweli kwa karibu kila kitu, itaipokea kama kondakta wa daladala anavyopokea noti bandia wakati wa magharibi, bila kuikagua, na shughuli itakwama ndani. Elion alikabidhiwa malighafi za kundi la purini. Hakuna aliyekuwa anajua bado umbo la DNA, mojawapo ya asidi hizo za kiini, kwani hilo lilielezwa mwaka 1953. Yeye alikuwa akitengeneza purini moja baada ya nyingine na kuzijaribu kwa bakteria wa jamii ya wale wanaochachusha maziwa, kuona ni ipi inawazuia wasikue. Kufikia mwaka 1951 kundi lao lilikuwa limejaribu zaidi ya purini 100.

Mojawapo ya za mwanzo, daiaminopurini, ilipelekwa katika taasisi ya saratani ya Sloan Kettering, New York, ikapewa wagonjwa wachache. Kuna mgonjwa mmoja ambaye Elion hakumsahau mpaka uzeeni, mwanamke kijana aliyepata nafuu kamili, akaolewa, akazaa mtoto, kisha baada ya takribani miaka miwili ugonjwa ukamrudia na kumuua. Wengine waliitapika dawa hiyo kwa kiwango cha kutisha. Elion alirudi mezani, akaondoa atomu ya oksijeni mahali pa sita katika purini na kuweka salfa badala yake, na hicho ndicho kidonge cha njano. Watoto wenye saratani kali ya damu wakati ule waliishi miezi michache tu baada ya kugunduliwa. Dawa ya kwanza kuwapa nafuu, aminopterini ya Sidney Farber wa Boston, ilikuwa imeonyesha mwaka 1948 kwamba ugonjwa unaweza kurudi nyuma, ila nafuu hiyo haikukaa. Mekaptopurini iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1953, ikaongeza miezi, na watoto wakaendelea kufa, ila walikufa baadaye kidogo. Ni pale madaktari walipoanza kuchanganya dawa nne kwa pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1960, mekaptopurini ikiwa mojawapo, ndipo neno kupona likaanza kutumika kwa tahadhari. Leo katika nchi tajiri karibu watoto 9 kati ya 10 wenye aina aliyokuwa nayo mwanangu hupona, na kidonge hiki bado kimo katika mpango wa matibabu.

Sasa niseme jinsi kinavyotumika nyumbani, kwa kuwa hapo ndipo sifa na kasoro zake zinapoonekana.

Kasoro ya kwanza ni ukubwa wa dozi. Watengenezaji wametoa kidonge cha miligramu 50 kana kwamba wagonjwa wake wakuu ni watu wazima, ilhali ugonjwa huu unawapata zaidi watoto wadogo. Dozi hupangwa kwa kufuata eneo la mwili, na kwa mwanangu, aliyekuwa na kilo 18, hesabu ilitoka miligramu 37 na nusu kwa siku, yaani robo tatu ya kidonge. Jaribu kukata robo ya kidonge chenye upana unaozidi kidogo punje ya mahindi. Nilijaribu mara moja kwa kisu cha jikoni, na kipande kimoja kikaruka hadi chini ya jiko, kingine kikageuka unga wa njano juu ya ubao wa kukatia vitunguu, unga ambao hautakiwi kuguswa kwa mikono mitupu wala kuvutwa puani, kwa kuwa dawa inayozuia chembe kugawanyika haibagui chembe za nani. Daktari alicheka kwa huruma, akaniandikia ratiba ya kidonge kizima leo na nusu kesho, ambayo wastani wake unatoa hesabu ile ile. Nilinunua kikatio cha plastiki chenye wembe ndani na boksi la glavu, nikatenga ubao mdogo usiotumika kwa kitu kingine chochote.

Kwenye kalenda ya ukutani tuliweka duara kwa siku ya kidonge kizima na nusu duara kwa siku ya nusu. Mwanangu aliziita mwezi mzima na mwezi kipande, na kila usiku kabla ya kulala alikuwa anatangaza mwezi wa leo kwa sauti kama muadhini. Nawashauri wazazi wengine wafanye kitu cha namna hiyo, kwa sababu kosa kubwa la mtumiaji wa bidhaa hii ni kusahau. Watafiti wa Marekani waliofuatilia watoto katika awamu hii wameonyesha kwamba wale wanaokosa zaidi ya dozi 5 kati ya kila 100 hurudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi kuliko wanaomeza kwa uaminifu, na ukifikiria, dozi 5 kati ya 100 ni kama usiku mmoja na nusu tu kwa mwezi. Safari moja ya kijijini kwenye msiba, chupa ikabaki nyumbani, na umekwisha kuvuka mstari.

Tuliambiwa tumpe usiku, saa ile ile kila siku, na tusimpe pamoja na maziwa, kwa kuwa maziwa ya ng'ombe yana kimeng'enya kinachoivunja dawa hii. Wapo madaktari wasiokazia sana sharti la maziwa siku hizi, wakisema kwamba bora mtoto ameze na kikombe cha chochote kuliko asimeze kabisa. Sisi tulitumia uji mwepesi, vijiko viwili. Ladha ya kidonge si kali kama kwinini, na kichefuchefu kilikuwa kidogo kuliko nilivyotishwa. Kazi ngumu ilikuwa damu yenyewe. Kwa kuwa kidonge hakiwezi kutofautisha chembe mbaya na njema, kila baada ya wiki moja au mbili tulikwenda kutoa damu, na chembe nyeupe zikishuka mno dawa husimamishwa, zikipanda mno huongezwa. Lengo ni kumweka mtoto kwenye ukingo mwembamba ambapo saratani inakosa nguvu na mwili unabaki na askari wa kutosha. Wapo watu wachache waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoiondoa dawa hii mwilini, na kwao hata dozi ya kawaida ni kubwa mno. Ndiyo sababu vipimo vya wiki za mwanzo havirukwi hata kama mtoto anacheza na kurukaruka.

Kasoro ya pili ni upatikanaji. Mara mbili katika miezi 22 dawa iliisha katika duka tulilozoea, na mara moja muuzaji alinipa jibu ambalo mpaka leo linaniudhi, kwamba nirudi wiki ijayo, kana kwamba nimeulizia sabuni. Bei za maduka mawili ya mtaa mmoja zilipishana sana bila sababu niliyoelezwa. Kwa nchi nyingine ipo pia dawa ya maji ya mekaptopurini, iliyotengenezwa mahususi kwa watoto, ambayo ingeniondolea kikatio, glavu na unga wa njano kwa siku moja. Sikuiona katika duka hata moja nililoingia. Dawa iliyoidhinishwa mwaka 1953, ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani, na ambayo hataza yake imekwisha zamani za kale, haipaswi kutafutwa kama betri ya saa ya babu.

Nirudi kwenye chungu, maana dawa nyingine mbili zinastahili maneno machache. Alopurinoli ilibuniwa na kundi la Elion kwa nia ya kuisaidia mekaptopurini, kwa kuzuia kimeng'enya kinachoiharibu mwilini ili dozi ndogo ifanye kazi kubwa. Kama nyongeza ya dawa ya saratani haikuleta faida iliyotarajiwa, kwa sababu ilipandisha nguvu na madhara kwa pamoja. Lakini kimeng'enya hicho hicho ndicho kinachotengeneza asidi ya yuriki, na hivyo alopurinoli ikawa dawa ya jongo, ugonjwa unaomfanya mzee wetu mmoja nyumbani ashindwe kuvaa viatu akila nyama choma. Kwa mgonjwa mpya wa saratani ya damu hutolewa siku za mwanzo, wakati chembe mbaya zinapokufa kwa wingi na takataka zake zinaweza kuziba figo. Baada ya hapo huondolewa, na mzazi anaonywa kwa ukali kwamba isikutane na mekaptopurini bila daktari kupunguza dozi sana, kwani itaiacha irundikane mwilini hadi iwe sumu. Kwa hiyo tulikuwa na kopo la babu na chupa ya mjukuu katika nyumba moja, na vilikaa makabati tofauti, moja chumbani kwa babu na jingine juu ya friji, kwa miezi 22.

Septrini, kwa upande wake, ni muungano wa sulfamethoksazoli na trimethoprimu, na hiyo trimethoprimu ndiyo iliyotoka katika maabara ya Hitchings na Elion. Wazo lilikuwa lile lile la kuzuia malighafi, isipokuwa safari hii walipata kitu kinachokishika kimeng'enya cha bakteria kwa nguvu nyingi zaidi kuliko cha binadamu. Mtoto anayemeza mekaptopurini hupewa kotrimoksazoli siku chache kila wiki ili asipate homa ya mapafu inayosababishwa na kuvu aina ya pneumosistisi, ambayo mtu mwenye kinga timilifu haimsumbui. Dawa ni nzuri, ni rahisi, inapatikana hata kijijini. Tatizo lake ni la kijamii. Kwa kuwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi huitumia kwa sababu hiyo hiyo, jirani aliyeona boksi juu ya friji aliondoka na hitimisho lake, na kwa miezi kadhaa mwanangu hakualikwa kucheza kwenye ua wa pili. Sikumfuata kumweleza. Siku hizi natamani ningemfuata.

Kuna dawa moja zaidi ya chungu hiki ambayo nilikuwa nimeimeza mwenyewe kabla mtoto hajazaliwa, na hilo lilinishangaza kuliko yote. Pirimethamini, iliyotokana na kazi ya kundi hilo hilo la Hitchings mwanzoni mwa miaka ya 1950, ndiyo herufi ya pili katika SP, vile vidonge vitatu ambavyo mama mjamzito humeza kliniki mbele ya muuguzi ili kujikinga na malaria. Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka zaidi kwa sababu Tanzania Bara iliifanya SP kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 baada ya klorokwini kushindwa, na mwishoni mwa 2006 ikaiachia nafasi dawa ya mseto kwa kuwa vijidudu vilikuwa vimekwisha kuizoea. Tangu hapo imebaki kwa wajawazito.

Tetekuwanga ilikuja mwezi wa 14, kutoka kwa mtoto wa shule ya chekechea aliyekuwa amekaa benchi moja na wetu. Kwa mtoto mwenye afya ni wiki ya kujikuna na kupakwa losheni. Kwa mtoto ambaye chembe zake nyeupe zimeshushwa makusudi inaweza kuingia mapafuni na kwenye ini, na hatukuambiwa kusubiri. Alilazwa usiku ule ule, akawekewa asiklovia kwenye mshipa kila baada ya saa nane, pamoja na maji mengi ya dripu ili dawa isigande kwenye figo, na mekaptopurini ikasimamishwa. Siku ya tatu hakuna kipele kipya kilichotokea. Siku ya tano vilikuwa vinakauka, naye alikuwa akilalamikia wali wa hospitali, ishara ambayo muuguzi wa zamu aliiandika kwenye faili kwa maneno yake mwenyewe.

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini kazi ya Elion haikuishia kwenye kidonge cha njano. Ile daiaminopurini iliyomponya na kumpoteza yule mwanamke kijana ilikuwa imeonyesha mwaka 1948 dalili ya kuvizuia virusi pia, ila ilikuwa sumu mno, naye akaiweka kando. Mwaka 1968, baada ya miaka 20, aliirudia. Alikuwa tayari mkuu wa idara, na mwaka 1970 kampuni ilihamia North Carolina pamoja naye. Yeye na wenzake, miongoni mwao Howard Schaeffer, waliishia kwenye asiklovia, ambayo waliitangaza kwa wanasayansi mwaka 1978. Uzuri wake ni huu: ikiingia kwenye chembe yenye afya inakaa kimya, haifanyi chochote cha maana, kwa kuwa ili iwe kali ni lazima kwanza iwashwe na kimeng'enya ambacho virusi vya jamii ya malengelenge na tetekuwanga huja nacho wenyewe. Mwizi ndiye anayejiwashia taa. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba dawa ya virusi haiwezi kupatikana bila kumdhuru mgonjwa, kwa sababu virusi huishi kwa kutumia mitambo ya chembe zetu.

Nikizilinganisha bidhaa hizi mbili za mtengenezaji mmoja, tofauti ya umri inaonekana wazi. Mekaptopurini ni noti bandia inayosambazwa sokoni kote, mwema na mwovu wote wanaipokea, na mzazi na daktari wanabaki kuhesabu hasara kila wiki. Asiklovia ni noti bandia ambayo mwizi peke yake anaweza kuitumia. Kasoro yake ni kwamba tumbo linaifyonza kidogo sana, ndiyo maana vidonge vyake humezwa hadi mara tano kwa siku, na mtu mwenye mkanda wa jeshi anayefanya kazi za shamba hawezi kufuata ratiba hiyo bila kukosea. Baadaye kampuni hiyo hiyo ilitoa aina inayofyonzwa vizuri zaidi.

Yapo mengine ambayo nayapita haraka, kwa kuwa hayakuingia nyumbani kwangu. Azathioprini, ndugu wa mekaptopurini, ndiyo iliyowezesha figo ya mtu kupandikizwa kwa asiye ndugu yake mwanzoni mwa miaka ya 1960 bila mwili kuikataa mara moja. Elion alistaafu mwaka 1983, na wenzake aliowalea wakatumia njia zile zile kuonyesha kwamba AZT inazuia virusi vya Ukimwi, dawa iliyoidhinishwa mwaka 1987. Mwaka 1988 yeye, Hitchings na Mskoti James Black walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Chuo kile cha Brooklyn kilichomtaka aache kazi kilimpa baadaye udaktari wa heshima. Alikufa North Carolina tarehe 21 Februari 1999, akiwa na faili la barua kutoka kwa wagonjwa na wazazi wao, ambazo alisema zinamfurahisha kuliko medali.

Kwa hesabu ya nyota, mekaptopurini naipa nne kati ya tano. Nyota moja nimeiondoa kwa ajili ya wanaoitengeneza na kuisambaza leo, wanaowaachia wazazi kazi ya kukata kidonge kwa wembe wakati dawa ya maji ipo duniani, na kwa ajili ya karatasi isiyosomeka. Kikatio kinunuliwe mapema, wembe wake ubadilishwe kila baada ya miezi michache kwa sababu ukipoteza makali unaponda badala ya kukata. Chupa ikae pakavu, mbali na watoto wengine na mbali na mwanamke mwenye mimba. Nunua inayofuata wakati bado umebakiwa na vidonge vya wiki mbili. Mtoto akipata joto hata usiku wa manane, usianze na dawa ya malaria ya kabatini. Nenda hospitali na kadi yake.

Usiku wa mwisho ulikuwa wa mwezi kipande. Chupa ilibaki na vidonge saba na ile nusu ya pili, na kwa kuwa haviruhusiwi kutupwa chooni wala jalalani, tulivirudisha hospitali wiki iliyofuata. Mfamasia wa wodi alivimwaga kwenye trei yake ya chuma, akavihesabu kwa ncha ya kalamu mara mbili, akaandika saba na nusu kwenye daftari la dawa za kuteketezwa, kisha akamwomba mwanangu atie sahihi. Alichora duara.